Begi la Mwalimu Eliwaza

Hii nimeletewa na shemeji yangu wa Same, naye hakuniambia aliletewa na nani. Nimeisoma mara mbili nikaona si haki kukaa nayo peke yangu. Wewe isome mpaka mwisho ndipo uwapelekee wengine, maana nawajua watu wa kundi hili, mnasambaza kitu kabla hamjakifungua.

Palikuwa na kijiji kimoja huko juu kwenye milima ya Upare, mahali ambapo gari linaishia na miguu inaanzia. Watu wa pale ni wakulima wa tangawizi. Kwa miaka ya karibuni wakapata na kazi nyingine, ya kuwaongoza wageni wanaokuja kutembea msituni. Wageni hao hawataki wapagazi. Wanataka kutembea wepesi, kila mtu na begi lake mgongoni, waingie msituni upande huu watokee upande wa pili.

Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Mzee Mbonea. Yeye ndiye aliyeifungua njia, na yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala la mabegi na makoti ya mvua. Hakuna mgeni aliyepanda bila kupita ghalani akavalishwa begi. Lakini magoti ya mzee yalikuwa yamechoka, na kijiji kizima kilijua kwamba mwaka ule angemkabidhi mtu ufunguo.

Waliokuwa wakiutazamia ni wawili.

Wa kwanza alikuwa Togolani. Huyu alibeba mizigo Kilimanjaro miaka tisa, na aliporudi nyumbani alirudi na mabegi ya fremu na msimamo wake. Begi la fremu, kwa asiyelijua, lina vyuma viwili vyembamba vilivyopita mgongoni toka juu mpaka chini, na mkanda mpana wa kiunoni. Vyuma vinauondoa uzito mabegani, mkanda unaupokea, nyonga ndizo zinazobeba. Togolani alikuwa akisema mgongo wa binadamu si ukuta wa kuegemezea magunia.

Wa pili alikuwa Nakiete, binti wa mkulima wa tangawizi, mwenye mkono wa kushona. Alianza na hema lililochanika ambalo mgeni mmoja alilitupa. Akalikata, akalishona, likatoka begi lisilo na fremu wala chuma, laini, ambalo likiwa tupu unalikunja na kulitia mfukoni mwa koti. Wageni walilivaa, wakarudi wakisema wametembea kutwa wamesahau kama wana begi. Nakiete naye alikuwa akiuliza, mtu mwenye akili zake atapandaje mlima na begi la kilo mbili kabla hajatia ndani hata kipande cha sabuni?

Basi kijiji kikagawanyika. Kwenye mgahawa wa chai watu walikuwa hawazungumzi mpira tena, ni vyuma na ulaini tu. Hata madereva wa bodaboda, ambao hawatembei kwa miguu hata kwenda chooni, nao walikuwa na upande wao.

Kwa Nakiete jambo lile halikuwa mzaha. Ghala lilikuwa dogo, lenye rafu moja, na atakayeshika ufunguo ndiye angeamua ni mabegi gani yakae pale. Togolani alishasema waziwazi kwamba akipewa yeye, begi laini halivuki kizingiti. Na kwenye baraza ya mama yake Nakiete kulikuwa na cherehani tatu na wanawake watatu wanaoshona mabegi hayo. Baraza ikifungwa, wale wanawake wangerudi kushusha matenga ya tangawizi mpaka barabarani, kazi iliyokwisha kuwavunja migongo. Mkubwa wao, Mama Kadori, mjane, alikuwa akimwuliza kila siku neno moja tu.

"Vipi?"

Na Nakiete alikuwa akijibu, "Bado, mama."

Siku moja Mzee Mbonea akawaita wote wawili. Akawaambia Alhamisi anakuja mgeni, mwalimu mstaafu kutoka bondeni, anataka kuvuka msitu mpaka kwenye shule mpya ya upande wa pili, atembee siku nzima, alale huko siku mbili, arudi kwa njia ileile. Kila mmoja aje na begi lake, amvalishe mgeni, aseme yake. Atakayemvalisha begi linalomfaa ndiye atakayechukua ufunguo.

Nakiete hakulala vizuri tena mpaka siku hiyo ilipofika. Alishona begi jipya, mshono juu ya mshono. Alijua kila neno atakalosema.

Alhamisi asubuhi nusu ya kijiji ilikuwa nje ya ghala. Mlango wa ghala lile haukai wazi bila kuzuiwa, na siku hiyo ulikuwa umezuiwa na kitu kilichoviringishwa gunia. Togolani alipofika na begi lake alikisukuma kwa mguu apate kupita. Nakiete, aliyekuwa akirudia maneno yake kimoyomoyo, alikiruka bila kukitazama.

Ndani alikuwepo Mwalimu Eliwaza, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mfupi, mkakamavu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Amepakata kimfuko cha nguo. Wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akawatazama mmoja mmoja kama anayeita majina darasani.

Togolani akaanza. Nisimnyime haki yake, alizungumza vizuri. Alimpima Mwalimu mgongo kwa futi ya kushonea, akashusha mikanda, akamfunga wa kiunoni, akamweleza jinsi mifupa ya nyonga ilivyo na nguvu kuliko mabega. Mwalimu alitembea hatua chache, akakiri kwamba limemkaa. Ila alisema ni zito kidogo kwa begi lenye vijinguo vyake vitatu. Watu wakacheka.

Hapo ndipo Nakiete aliponyanyuka. Akachukua vile vijinguo, akavitia kwenye begi lake laini, akamvalisha. Mwalimu akatembea mpaka ukutani akarudi. Akatembea tena. Uso wake ukafunguka akacheka.

"Mbona kama sijavaa kitu?"

Makofi yakasikika mpaka barabarani. Mama Kadori, aliyekuwa amesimama dirishani, akafunika mdomo kwa upande wa kanga. Togolani akatazama chini. Mzee Mbonea akatia mkono mfukoni, akautoa na ufunguo. Nakiete aliuona kwa macho yake, na kamba yake nyekundu.

Lakini aliona na kitu kingine. Mwalimu Eliwaza, katikati ya kile kicheko, alikuwa ametupa jicho mlangoni. Akaangalia pembeni, kisha akatupa tena.

Nakiete akageuka. Akakiona kile kilichoviringishwa gunia. Mlango ule sikuzote huzuiwa kwa jiwe, na jiwe lilikuwa nje, limeegeshwa ukutani.

Sasa hapa sharti niwaambie kitu kuhusu nyumbani kwao Nakiete. Mama yake akivuna tangawizi hagusi chombo kwanza. Anatandika mkeka, anamwaga mzigo wote, anautazama. Tangawizi mbichi ni nzito na ina vichwa vigumu, hiyo huenda kwenye tenga lenye mbavu za fito, la sivyo itakuchoma mgongo njia nzima. Iliyokauka ni nyepesi, hiyo hutiwa kwenye kiroba laini na mtoto wa miaka kumi anaibeba akiimba. Nakiete alikua akiyaona hayo kila msimu. Na siku ile, kwa kuutaka sana ule ufunguo, alikuwa ameyasahau yote. Alimvalisha mtu begi bila kuuliza anakwenda na nini.

Angeweza kunyamaza. Nani angemlaumu? Ufunguo ulikuwa nje ya mfuko, watu wamekwisha piga makofi, na dirishani yupo mjane anayemtegemea. Nafsi yake moja ilimwambia kaa kimya, utauliza baadaye.

Akauliza.

"Mwalimu, hicho kilicho mlangoni nacho kinapanda?"

Mwalimu Eliwaza akavua miwani, akaifuta taratibu. "Kinapanda, mwanangu. Hicho ndicho kinachonipandisha."

Akakifungua mwenyewe. Ilikuwa kengele ya shaba, kubwa kama kichwa cha mtu, ya kilo saba kwa uchache. Akaeleza kwamba ilikuwa ya shule aliyofundisha miaka thelathini na mmoja. Shule ilipowekewa kengele ya umeme, wakampa hii siku ya kustaafu. Zamani zile huko juu hakukuwa na shule. Watoto wa huko walishuka msitu mzima kila Jumapili na chakula chao cha wiki mgongoni, wakalala kwenye vibanda karibu na shule, na Ijumaa wakapanda kurudi. Yeye aliwapokea miaka yote ile na hakuwahi hata siku moja kupanda kuona wanakotoka. Sasa wamekuwa watu wazima na wamejenga shule yao wenyewe.

Togolani, kwa nia njema kabisa, akamwambia aiache, kijana yeyote ataipeleka kesho. Safari ya wepesi haibebi kengele.

"Walinifuata kwa miguu na mizigo yao," Mwalimu akamjibu. "Mara hii nawafuata mimi, na wangu."

Nakiete akaichukua kengele, akaitia kwenye begi lake. Begi likalegea, likaning'inia. Ukingo wa kengele ukasukuma kitambaa na kumgusa Mwalimu kwenye uti wa mgongo. Nakiete akatoa, akachukua rafuni sponji ya kulalia, akaikunja mara nne, akaiweka ndani upande wa mgongoni, ujanja wake mwenyewe unaolifanya begi laini lisimame wima. Akarudisha kengele. Ikawa afadhali. Mwalimu akatembea mpaka ukutani.

"Si mbaya," akasema.

Si mbaya. Kila fundi analijua neno lile. Nakiete aliona jinsi mikanda ilivyozama kwenye mabega ya yule mama mdogo, na akajua kwamba kufika mto wa kwanza mikono itakuwa inakufa ganzi. Na alijua pia kwamba pale ghalani hakuna atakayeligundua hilo isipokuwa Togolani, na Togolani alikuwa bado anatazama chini.

Nakiete akapiga moyo konde.

"Mwalimu, hili langu halikufai. Chukua la Togolani."

Dirishani mtu alisonya. Nakiete hakutazama ni nani, alijua. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na aliona afadhali ayape kazi. Akaomba mkeka, akautandika, akamwaga kila kitu cha Mwalimu juu yake. Gauni la akiba akalitoa, na shuka pia, kwa kuwa huko juu angepewa ya kujifunika. Akaiviringisha kengele kwa kanga iliyobaki, akaiweka ndani ya begi la Togolani katikati, karibu kabisa na mgongo, kati ya vile vyuma viwili. Akafunga mkanda wa kiunoni, akaukaza. Mwalimu alitembea mpaka ukutani na kurudi, na safari hii alinyoosha mgongo na kushusha pumzi.

Kabla ya kufunga mfuniko, Nakiete alilikunja begi lake laini likawa kama leso, akalisokomeza pembeni mwa kengele.

"La kurudia," akasema.

Togolani na Mwalimu wakaondoka pamoja, maana begi lililochaguliwa ni lake, na mwongoza njia akawa yeye. Mzee Mbonea aliutazama ufunguo kidogo, akaurudisha mfukoni, akaenda zake.

Nakiete akarudi nyumbani. Mama Kadori hakumwuliza neno lake la siku zote. Alikuwa ameketi nyuma ya cherehani bila kushona, na baadaye akasema jambo ambalo lilimchoma Nakiete kuliko matusi. Alisema yeye angenyamaza. Angenyamaza kabisa, na Mungu angemsamehe. Nakiete akamwambia anajua. Kesho yake wakashona kwa mazoea tu, huku kila mmoja akihesabu moyoni vitambaa vilivyobaki. Roho ilimuuma Nakiete, lakini kila alipojiuliza kama angefanya vingine, aliona ile mikanda imezama kwenye mabega yale.

Jumamosi jioni wakasikia watu barabarani. Nakiete akatoka.

Mbele alikuwa anakuja Mwalimu Eliwaza, kifua mbele, anatembea kama mtu anayetoka sokoni. Mgongoni amevaa begi laini, ndani yake kanga moja na chupa ya maji. Nyuma yake alikuwa Togolani ametota jasho, na lile begi la fremu limejaa mpaka mfuniko hautaki kufunga. Watu wa juu walikuwa wamempa Mwalimu magimbi ya shukrani, na magimbi hayabebeki kwa kitambaa kitupu.

Mzee Mbonea alikuwa amekuja nyuma yao kwa fimbo yake, polepole. Wote wakaingia barazani. Mwalimu akasimulia jinsi walivyompokea. Waliokuwa wanafunzi wake, wengine sasa wana mvi, walijipanga mstari pamoja na watoto wao, mikono nyuma, kama zamani. Alipoigonga ile kengele mara ya kwanza, baba mmoja mwenye kipara akajibu "Naam, Mwalimu," kabla hajaitwa. Mwalimu alipofika hapo akaomba maji.

Togolani akashusha begi. Alikuwa na jambo la kusema na halikumtoka kwa urahisi.

"Mwalimu ameniambia njiani. Kengele ile iliwekwa mlangoni makusudi. Mimi niliisukuma kwa mguu, nikidhani ni jiwe."

Nakiete akamtazama Mzee Mbonea. Mzee akakubali kwa kichwa. Ni yeye aliyeiweka pale, na ni yeye aliyemwomba Mwalimu asiitaje mpaka aulizwe. Mabegi, alisema, wote wawili waliyajua kumshinda, hilo halikumsumbua. Alichotaka kujua ni nani atakayemwangalia mgeni. Siku ile ufunguo aliutoa mfukoni kuwajaribu tu, na hakuukabidhi kwa sababu alitaka Mwalimu aende arudi kwanza, mgongo wake useme kama Nakiete alimwambia kweli au alikata tamaa tu.

Mwalimu akasema mgongo wake hauna neno. Akaongeza kwamba kwenda angekuwa amekufa bila vyuma vya Togolani, na kurudi angekuwa amechoka bure navyo.

Mzee akatoa ufunguo wenye kamba nyekundu. Kabla hajaunyoosha, alimgeukia Togolani, maana yule naye alikuwa mtu wake. Togolani akakuna kichwa.

"Mpe," akasema. "Ila aniachie nusu ya rafu."

Nakiete akacheka huku analia, akamwambia nusu ya rafu ni yake tangu leo. Akaupokea kwa mikono miwili. Mama Kadori aliisogeza cherehani yake, akatia uzi kwenye sindano, na mguu ukaanza kukanyaga.

Mpaka leo ukifika kwenye ghala lile utakuta mabegi ya fremu kulia na mabegi laini kushoto, na mlango umezuiwa kwa jiwe la kawaida. Katikati ya sakafu kuna mkeka. Hata uje na haraka gani, hata ujifanye mtaalamu wa kupanda milima yote ya dunia, hugusi rafu mpaka umwage kwanza ulivyo navyo na uulizwe, "Na kipi huwezi kukiacha?"

Funzo: Usimchagulie mtu begi kabla hujamwuliza amebeba nini, na ukiona la mwenzako ndilo linalomfaa, mpe hilo, hata kama wewe utabaki mikono mitupu.